Sewa Haji: tajiri wa Bagamoyo aliyebaki kuwa jina la wodi

Wadau, jina hili mnalisikia karibu kila wiki. Ukienda Muhimbili kumwona mgonjwa, swali la kwanza getini ni kalazwa wodi gani, na jibu huwa Kibasila, Mwaisela, Sewahaji na kadhalika. Kibasila angalau tulimsoma shuleni, jumbe wa Uzaramo wa enzi za Maji Maji. Lakini Sewahaji? Nimeshasikia watu wakidhani ni neno la Kiarabu lenye maana ya upasuaji. Mwingine aliniapia kabisa kuwa ni daktari Mjerumani.

Hapana jamani. Sewahaji ni maneno mawili, Sewa Haji, jina kamili Sewa Haji Paroo. Hakuwa daktari wala hakuwa Mjerumani. Alikuwa muuza duka wa Bagamoyo. Na kisa chake ni kitamu kwa yeyote anayetaka kujua biashara ilikuwa inaendeshwaje kwenye mji mdogo ambao neno la mwisho lilikuwa la mwenye bunduki.

Leo mfanyabiashara akibanwa na kodi, ushuru au bei, ana pa kwenda kulia. Kuna chemba. Hii ya Tanzania, TCCIA, ilianzishwa mwaka 1988, na ina matawi mpaka mikoani. Kazi ya chemba ni nini? Kuwasemea wafanyabiashara mbele ya serikali, kukutanisha mwenye mtaji na mwenye mzigo, kuhakikisha mambo hayavurugiki. Mfanyabiashara wa Kihindi wa Bagamoyo ya miaka ya 1890 hakuwa na ofisi ya namna hiyo ya kukimbilia. Alikuwa na boma la Wajerumani upande mmoja, bahari upande wa pili, na katikati yupo Sewa Haji. Huyo bwana alikuwa chemba ya mtu mmoja.

Tuanze mwanzo.

Sewa Haji alizaliwa mwaka 1851 katika familia ya Wahindi Ismailia wenye asili ya Kutch, magharibi mwa India. Baba yake, Haji Kanji, alikuwa na duka Bagamoyo, na kijana akaingizwa kwenye biashara mwishoni mwa miaka ya 1860, hajafika hata miaka ishirini. Wakati huo Bagamoyo si mchezo. Ndiyo ilikuwa stendi kuu ya nchi nzima. Misafara yote mikubwa ya kwenda Tabora na Ujiji ilianzia au kuishia hapo, na ng'ambo kidogo tu ya maji ndiyo Unguja, kwenye pesa na Sultani.

Usidhani msafara ni watu kumi na punda wawili. Msafara ulikuwa mamia ya watu, kila mmoja na mzigo wa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, kichwani au begani. Kutoka Bagamoyo mpaka Tabora ni kama miezi mitatu kwa mguu. Mizigo ya kwenda bara ilikuwa merikani, kaniki, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Ya kurudi ilikuwa pembe za ndovu. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu wenye sifa ya kazi hiyo kiasi kwamba kijana wa kwao ambaye hajafika pwani alionekana bado mtoto. Walikuwapo pia watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na mshahara wao ukaingia mifuko ya watu wengine. Hilo lazima tuliseme mapema, kwa sababu utajiri wote tutakaousimulia hapa ulipita kwenye shingo za hao watu.

Sasa mwenye msafara anahitaji vitu vitatu: bidhaa, wapagazi, na mkopo. Ukipata mtu mmoja wa kukupa vyote vitatu, umemaliza. Sewa Haji akawa huyo mtu.

Dili lake linalojulikana zaidi alilipiga akiwa na miaka ishirini tu. Mwaka 1871 alikuja Mmarekani mmoja kutoka gazeti la New York Herald, Henry Morton Stanley, anatafuta njia ya kwenda kumsaka Dk. Livingstone. Huko Unguja akaelekezwa kwa Taria Topan, tajiri mkubwa wa Kihindi, naye Taria akampa barua ya kwenda kwa kijana wake wa kuaminika Bagamoyo. Kijana mwenyewe ndiye Sewa Haji. Kazi: kumtafutia wapagazi zaidi ya mia moja.

Stanley alikaa Bagamoyo wiki sita, mpaka akachoka. Baadaye, kwenye kitabu alichokitoa mwaka 1872, akamchana kijana wa watu vibaya sana. Kwa maelezo yake, kila siku bei inapanda, kila hesabu ina kasoro, wapagazi wanakuja kwa mafungu, na dogo mwenyewe akibanwa anatabasamu tu. Jina lake akaliandika kombo, ukilisoma leo unaweza usigundue kuwa ndiye huyu wa wodini. Alipotaka kumtupa atafute wakala mwingine, akakuta hana ubavu huo. Mji mzima ulikuwa umeshikwa na watu wanaofahamiana.

Mimi huwa nasoma ule ugomvi na kucheka kidogo. Stanley alikuwa hodari wa kutia chumvi, na yeye ndiye mwenye kitabu. Sewa Haji hakuacha kitabu. Kwa upande wake labda angesema mzungu kaja msimu ambao wapagazi ni haba, ana haraka, hajui bei, na anataka kila kitu kwa nusu. Nadhani ukweli uko katikati: kijana alimla cha juu, na kijana alileta wapagazi. Misafara mitano ya Stanley iliondoka, wa mwisho mwezi Machi 1871, na Novemba mwaka huo akamkuta Livingstone Ujiji. Wengine wote tunakumbuka kukutana kule. Hakuna anayekumbuka nani aliyepanga mizigo.

Miaka iliyofuata Sewa Haji akapanda kweli kweli. Wazungu wakaja wengi, wapelelezi, wamisionari, wafanyabiashara, na karibu wote wakapita dukani kwake kwa namna moja au nyingine. Na si wazungu tu. Waarabu na Waswahili waliokwenda kutafuta pembe bara walichukua mali kwa mkopo kwa Wahindi wa pwani, kisha wakalipa kwa pembe wakirudi, kama wakirudi. Maana mkopo wa namna ile ungeweza kukaa porini miaka. Mdeni akifa kwa ndui huko Manyema, imekula kwako. Ndiyo maana faida ilikuwa kubwa, na ndiyo maana mwenye roho nyepesi hakukaa kwenye biashara ile.

Halafu ikaja 1888.

Mwezi Aprili mwaka huo Sultani wa Zanzibar, Seyyid Khalifa, alitia saini kuikodisha pwani kwa kampuni ya Wajerumani, na Agosti wakaanza kupandisha bendera na kudai ushuru. Pwani ikalipuka. Abushiri bin Salim kule Pangani, Bwana Heri kule Saadani, na nyuma yao watu wa kila aina ambao hawakutaka kampuni iwatawale. Septemba 1888 manowari ya Kijerumani ikaupiga Bagamoyo mizinga. Desemba Abushiri akaushambulia mji. Maelfu ya watu wakakimbilia misheni ya Wakatoliki, Wahindi wengi wakavuka kwenda Unguja. Fikiria wewe ndiye mwenye duka: mali yako iko nyuma, wadeni wako wako bara, na barabara imefungwa na vita.

Berlin ikamtuma Hermann von Wissmann, akaja mwaka 1889 na jeshi la kukodi: mamia ya Wasudani aliowaandikisha Misri, na wengine kutoka Msumbiji walioitwa Wazulu. Tarehe 8 Mei 1889 wakaivunja kambi ya Abushiri karibu na Bagamoyo, na Desemba 15 Abushiri akanyongwa Pangani. Kuanzia hapo Bagamoyo ikawa mji wa jeshi. Nyumba zikageuzwa ngome, askari wakajazana mitaani, asubuhi tarumbeta, jioni tarumbeta.

Kuna kituko kimoja cha wakati huo siwezi kukiacha. Desemba 4, 1889, Stanley yule yule alirudi Bagamoyo, safari hii akitokea bara na Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana kusini mwa Sudan ambaye Stanley alitumwa kumwokoa. Maofisa wa Wissmann wakaandaa karamu ya nguvu. Emin Pasha, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, akatoka dirishani ghorofani akidhani ni roshani, akaanguka mpaka chini barabarani akapasuka kichwa. Miaka ya vita na porini yote hakufa, karamu ya usiku mmoja ilikaribia kummaliza. Alipona, akaingia kazi ya Wajerumani, akauawa Kongo mwaka 1892.

Turudi dukani. Mji wa jeshi una uchumi wake. Askari analipwa, anataka kitambaa, tumbaku, mchele. Ofisa anataka mvinyo. Na jeshi lenyewe likitaka kwenda bara haliwezi kutembea bila wapagazi, kwa sababu farasi na ng'ombe wa mizigo wanakufa na mbung'o, na reli hakuna. Kambi ikifunguliwa Tabora, risasi zake, unga wake na nguo zake zote zinabebwa na binadamu kutoka pwani. Na nani anajua wapagazi wako wapi, wanataka nini, na nani kiongozi wao? Sewa Haji.

Kwa hiyo Wajerumani waliompindua Abushiri wakajikuta wanamhitaji Mhindi, raia wa himaya ya Uingereza, kuendesha nchi waliyoiteka. Si wote walifurahi. Wapo wafanyabiashara wa Kijerumani waliokerwa kwamba mwenye duka wa Bagamoyo ndiye anashika funguo za njia ya bara. Lakini kununua bunduki ni rahisi kuliko kununua miaka ishirini ya kuaminiana na Wanyamwezi.

Hapa ndipo ile kazi ya chemba inaonekana. Mfanyabiashara mdogo aliyetaka kupeleka mzigo Unyanyembe alipitia kwake. Serikali iliyotaka wapagazi ilipitia kwake. Kampuni ya mbali iliyotaka pembe ilipitia kwake. Alijua bei ya merikani Unguja, bei ya pembe Tabora, na hali ya mbuga kama kuna maji au hakuna. Vijana waliojifunza biashara kwenye mfumo ule wakaja kuwa matajiri wenyewe. Mmoja wao wadau wa Mombasa mnamjua: Allidina Visram, aliyefika pwani hii mtoto wa miaka kumi na miwili hivi, akaanzia Bagamoyo kwenye biashara ya akina Sewa Haji, baadaye akatapakaza maduka kufuata reli ya Uganda mpaka Kampala. Ile shule ya sekondari ya Allidina Visram pale Mombasa ilijengwa na mwanawe kumkumbuka baba.

Sasa tuulize swali gumu. Huyu bwana alikuwa mtu mwema au mnyonyaji?

Ukweli hauna haja ya kufichwa. Aliuza bunduki na baruti kwenye nchi iliyokuwa inachinjana kwa pembe na watumwa. Aliliwezesha jeshi la kigeni kuingia bara. Mwaka 1893 Wajerumani walipomvunja Isike, mtemi wa Unyanyembe, akajilipua kwa baruti ndani ya ngome yake kuliko kukamatwa, Wanyamwezi wenzake ndio waliokuwa wanabeba mizigo ya njia ile ile, na njia ile iliendeshwa na wafanyabiashara wa pwani. Mpagazi aliyeugua njiani aliachwa chini ya mti. Hakukuwa na bima, hakukuwa na fidia. Ukitaka kumweka Sewa Haji kwenye kundi la watakatifu utapata tabu.

Lakini kuna jambo alilofanya ambalo hakulazimishwa na mtu. Mpagazi aliyefika pwani mgonjwa, ana vidonda, ana ndui, hakuwa na pa kulala. Mzungu akiugua anatibiwa na daktari wa jeshi. Mwafrika maskini anafia kwenye mchanga. Sewa Haji aliwaona hao kila siku, maana walikuwa wafanyakazi wake. Akaanza kutoa pesa. Alisaidia matibabu ya wagonjwa maskini hapo hapo Bagamoyo. Kisha, makao makuu yalipohamia Dar es Salaam mwaka 1891 chini ya gavana wa kwanza, Julius von Soden, akaipa serikali pesa za kujenga hospitali Dar es Salaam, na akaweka sharti: itibu watu bila kujali rangi wala dini.

Hebu soma tena hilo sharti. Ni miaka ya 1890. Utawala wenyewe ni wa kiboko. Ubaguzi ndiyo sera. Na muuza duka anamwambia gavana kwamba pesa atatoa, lakini kwa masharti yake. Alifanya hivyo hivyo na shule. Mwaka 1896 alikabidhi serikali jengo la ghorofa Bagamoyo liwe shule, tena kwa sharti la kusomesha watoto wa rangi zote. Wengine wanasema alikuwa anajipendekeza kwa boma ili dili zisikauke. Inawezekana, mfanyabiashara habwagi pesa bila hesabu. Lakini kama ni kujipendekeza tu, angejenga klabu ya maofisa wakamshangilia. Wodi ya wapagazi haikumpa tenda.

Nadhani pia alikuwa anajua deni. Mtu aliyekaa miaka karibu thelathini akihesabu vichwa na mizigo hawezi kuwa hajui nani hasa alimlipia nyumba zake.

Hakuishi kuona mwisho wake. Tarehe 10 Februari 1897 alifariki Unguja, ana miaka 46 tu. Katika wosia wake aliacha majengo yake mikononi mwa serikali ya kikoloni ili kodi ya nyumba isaidie wakoma na wagonjwa. Mwaka huo huo wa 1897 ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo wa hospitali ya Sewa Haji Dar es Salaam.

Na Bagamoyo nayo ikaanza kufa. Bandari yake ni ya kina kifupi, majahazi yanaingia lakini meli za moshi zinabaki mbali. Dar es Salaam ina bandari ya kina kirefu. Mwaka 1905 reli ikaanza kujengwa kutoka Dar, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Behewa moja likabeba mzigo wa mamia ya wapagazi. Ile stadi yote ya Sewa Haji, ya kujua nani wa kumtuma na nani wa kumkopesha, ikawa haina kazi tena. Wanajeshi wakahama, matajiri wakahama, zikabaki nyumba zenye milango ya nakshi na upepo wa bahari.

Hospitali ilidumu. Wajerumani wakaondoka baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakaikuta na kuendelea nayo kwa ajili ya Waafrika. Ila lile sharti halikuheshimiwa. Wazungu walikuwa na hospitali yao baharini, na Sewa Haji ikawa ya watu weusi maskini, imejaa kupita kiasi. Kilichoandikwa na mtoaji na kilichotendwa na mtawala ni vitu viwili.

Mwaka 1956 hospitali mpya ikafunguliwa Upanga, ikapewa jina la Princess Margaret, mdogo wake Malkia Elizabeth, aliyetembelea Tanganyika mwaka huo. Baada ya uhuru jina la binti mfalme likaondolewa, ikawa Muhimbili. La muuza duka halikuondolewa, lilihamia ndani kama jina la wodi, likaunganishwa kuwa neno moja, na manesi wakalizoea. Lile jengo lake la shule Bagamoyo nalo likaja kuwa Shule ya Msingi Mwambao, wanasoma watoto wa mji.

Haya wadau, mliosoma Mwambao mko wengi humu, najua. Je, mlipokuwa shuleni mwalimu aliwahi kuwaambia nani kajenga hilo ghorofa? Na kama babu au bibi yako alitibiwa hospitali ya zamani ya Sewa Haji kabla ya kuhamia Upanga, tupe alichokuwa anasimulia. Uwanja wa maoni uko hapo chini, matusi hayapiti.